Paka akikataa chakula usikimbilie kusema anadeka: yaliyonikuta na Chausiku hapa Mbeya

Mama wa Isyesye (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu nimeuahirisha wiki mbili, kila nikianza kuandika roho inauma. Leo nimeamua niumalize, maana najua humu kuna watu wenye paka na mbwa ambao muda huu wanafanya nilichokifanya mimi.

Nina paka jike, anaitwa Chausiku. Nilimwokota nyuma ya vibanda vya Mwanjelwa msimu wa mvua, kalowa, sauti imekauka kwa kulia. Sasa ana miaka minne. Siku zote amekula chakula cha nyumbani. Dada yangu anaishi Kyela, kila akipanda huku hakosi furushi la usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa, basi nachemsha, nachanganya na ugali kidogo, anakula anashiba, anaenda kulala juu ya gunia la mkaa.

Mwaka jana nikaona nimtunze vizuri zaidi. Kuna duka hapa mjini linauza chakula kikavu cha paka, vile vipunje. Mfuko mzima ni mkubwa na hela yake siiwezi kwa mkupuo, ila muuzaji huwa na mfuko uliofunguliwa, anakupimia kilo au nusu. Wiki za mwanzo Chausiku alikifurahia mno, hata nikawa najisifu kwa majirani. Ilipofika Juni nikanunua kilo nyingine. Akakinusa, akakwangua sakafu pembeni ya sahani kama anavyofukia haja yake, akaondoka.

Nikasema anadeka. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea, akaniambia mwache, njaa itamfundisha. Nikamwacha. Siku ya kwanza alilia jikoni. Ya pili akalia kidogo. Ya tatu hakulia, nikajua sasa ameshika adabu, kesho atakula. Siku ya nne hakutoka chini ya kitanda. Nilipomvuta na kumfunua mdomo, fizi zilikuwa za manjano. Ndani ya masikio nako manjano.

Daktari wa mifugo niliyempelekea, mama mmoja mtaratibu sana, aliuliza jambo moja kabla ya yote: hajala siku ngapi? Nilipomjibu akanyamaza kwanza. Kisha akanieleza kwamba paka si kama sisi. Paka asipokula siku mbili tatu, mwili unaanza kuvuta mafuta yake yenyewe na kuyapeleka kwenye ini ili yageuzwe nguvu, na ini la paka haliwezi kazi hiyo kwa wingi. Mafuta yanajazana humo, ini linashindwa, manjano inatokea. Aliyenenepa ndiye anayeanguka haraka, na Chausiku wangu alikuwa kibonge. Ile njaa niliyodhani inamfundisha ndiyo iliyokuwa inamuua.

Nililala naye karibu wiki tatu nikimlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano: nyama ya kuku iliyopondwa ikawa uji, na supu yake, mililita chache kila baada ya saa mbili tatu, pembeni ya mdomo, polepole asipaliwe. Amepona. Bado amekonda mgongoni, lakini amepona.

Sasa nije kwenye kile chakula. Daktari aliniambia nikilete. Nilipofungua kifuko mbele yake akanipa ninuse, na kwa mara ya kwanza nikanusa kwa makini. Kilikuwa kinanuka mafuta ya maandazi yaliyokaangiwa wiki nzima. Nikarudi dukani kutazama. Mfuko ulikuwa umekaa wazi mlangoni, jua la mchana linaupiga, haukuwahi kukunjwa mdomo. Muuzaji akanionyesha tarehe, kweli ilikuwa bado mwaka mzima. Lakini tarehe ile ni ya mfuko uliofungwa! Vile vipunje hunyunyiziwa mafuta kwa juu ili vimvutie mnyama, na mafuta yakikutana na hewa, joto na mwanga yanaharibika, hata vitamini zilizomo zinapungua. Chausiku alijua. Alinieleza kwa lugha yote aliyonayo nami nikamwita mwenye kudeka.

Tangu hapo nimesoma usiku na mchana. Paka ana vinundu vya ladha 470 hivi ulimini, mbwa kama 1,700, sisi tunafika 9,000. Utamu wa sukari haujui kabisa. Mwaka 2005 watafiti waligundua kwamba jeni yake ya kuhisi utamu imeharibika. Kwa hiyo paka anakula kwa pua. Pua ikisema hapana, mdomo haufunguki.

Na hapa kwetu kuna baridi. Wa Dar hawawezi kunielewa, lakini nyie mnaokaa chini ya Loleza mnaijua Mbeya ya Juni na Julai, maji ya kwenye ndoo yanauma vidole. Chakula kikilala jikoni kinapoa hadi hakina harufu. Nilikuwa nashangaa kwa nini anakataa asubuhi halafu mchana anakula kilekile. Sasa nakiweka kwenye bakuli juu ya maji ya moto hadi kiwe vuguvugu kama mwili wa panya aliyekamatwa sasa hivi, nyuzi 38 hivi, ukigusa kwa kidole hausikii moto wala baridi. Anakuja mbio kabla sijamwita.

Jambo la mwisho, linanisumbua zaidi. Kuna kitu kinaitwa taurini. Mwili wa mbwa unaitengeneza wenyewe, wa paka hauwezi kutengeneza ya kutosha, lazima aipate kwenye nyama au samaki. Mwaka 1975 ilithibitishwa kwamba paka akiikosa macho yanakufa polepole, na mwaka 1987 ikaonekana kwamba moyo nao unalegea na kutanuka. Hao wa 1987 baadhi walikuwa wanakula vyakula vya kiwandani vilivyouzwa kama chakula kamili! Baada ya hapo ndipo viwanda vikaongeza taurini. Ugali hauna hata chembe. Nikafikiria miezi ambayo dada hakuja na usipa ulikuwa umeisha, nikawa nampa ugali na mchuzi tu.

Kwa hiyo nauliza wakuu: nyie mnawalisha nini? Na mnajuaje kwamba huyu kweli anachagua na huyu anakuambia chakula ni kibovu? Nawasilisha.

Mzee wa Mbalizi

Pole sana binti yangu kwa yaliyokukuta. Nashukuru Mungu paka amepona. Ila niseme langu. Sisi tumekua na paka tangu utoto, hakuna aliyemnunulia chakula wala kumpashia. Paka alikaa ghalani, kazi yake panya. Jioni akipata maziwa kidogo ni heshima. Wala hatukuona anaugua manjano. Naona kadiri tunavyowafuga ndani ndivyo tunavyowaharibu.

Mama wa Isyesye

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa pole. Ulichosema ni kweli, na ndicho kilichonifumbua macho nilipokitafakari. Paka wa ghalani hakuwa anakula bure. Alikuwa anakula chakula kilicho bora kuliko vyote. Panya mzima ana moyo, ini, mifupa, damu, maji, taurini, vyote humo, tena wa moto. Panya mmoja ana kama kalori 30, na paka wa kilo nne anahitaji 200 na kitu, kwa hiyo yule wa ghalani alikuwa anakamata wanane au zaidi kwa siku, mmoja mmoja, usiku kucha. Ndiyo maana paka hadi leo anataka kula kidogokidogo mara nyingi, hapendi sahani moja kubwa.

Mimi ghala sina, mzee. Nina vyumba vitatu na banda la kuku, na majirani wanatega panya kwa sumu. Paka akimla panya aliyekula sumu, sumu inahamia kwake. Nimeshazika mmoja hivyo kabla ya Chausiku. Nikimzuia asiwinde, basi jukumu la yale aliyokuwa anayapata kwa panya linakuwa langu.

Mzee wa Mbalizi

Hapo umenishika. Sumu ya panya imemaliza paka wa mtaa wetu pia. Nakubali.

Fundi Mashine Kihesa

Kamwene wakuu, nachangia kutoka Iringa. Mimi si mtu wa paka, ni wa mbwa, na kazi yangu ni mashine ya kusaga. Nimeusoma uzi huu mara mbili kwa sababu habari ya mnyama kukataa chakula na mwenye nyumba kumlazimisha naijua.

Kwenye mashine tunaona yote. Mtu analeta mahindi, anachambua, mazuri yanasagwa sembe ya nyumbani. Yaliyooza, yenye ukungu wa kijani, yaliyotobolewa, anayaweka pembeni kwenye kiroba. Ukimuuliza ya nini hayo, anakujibu "haya ya mbwa." Nimelisikia neno hilo miaka kumi na moja na nilikuwa sioni ubaya wake. Pumba nazo hivyohivyo, zinakaa kwenye magunia zikipata unyevu, mtu akija anasema nipe debe moja ya mbwa.

Mbwa wangu, jibwa la kienyeji lenye nguvu, alikataa ugali wa pumba mara mbili mfululizo. Huyu ni mbwa anayekula hata maganda. Mke wangu akasema mpikie mwingine, nikampikia wa dona letu la kula, akamaliza. Nikaona sawa. Jirani yangu alikuwa amechukua pumba za gunia lilelile, akachanganya na damu na vichwa vya dagaa, harufu nzuri ikafunika ile mbaya, mbwa wake watatu wakala. Baada ya siku kadhaa wakaanza kutapika, wakakataa kula, mkojo ukawa kama chai ya rangi, macho manjano. Wawili walikufa. Daktari aliyekuja alisema dalili zote zinaelekea sumukuvu.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zisizokaushwa vizuri. Haionekani. Ukungu unaweza kupukutishwa na kupepetwa lakini sumu imebaki ndani ya punje. Na sikieni hili: kupika hakuiondoi. Ugali unachemka hapo jikoni na sumu iko palepale. Mwaka 2016 iliua watu huko Dodoma na Manyara, si mbwa, watu. Na si letu peke yetu. Mwaka 2005 kule Marekani mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa chakula cha kiwandani kilichotengenezwa na mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa ni mwepesi wa kudhurika kuliko wanyama wengi wa nyumbani, na yeye anakula kitu kilekile kila siku bila kubadilishiwa, kwa hiyo madhara yanajilimbikiza kwenye ini.

Tangu siku ile mashineni kwangu mtu akisema "haya ya mbwa" nasimamisha kazi namweleza. Wengine wananuna. Nawaambia mahindi yenye ukungu hayana wa kuyala, si mbwa, si kuku, si ng'ombe anayekupa maziwa, maana sumu hiyo inapita hadi kwenye maziwa unayompa mtoto. Choma au fukia. Anika mahindi yako kwenye turubai, usianike chini kwenye udongo, na usiyaingize ghalani kabla hayajakauka kabisa hata kama mvua inakukimbiza.

Mama wa Isyesye, mbwa wangu naye aliongea. Tofauti ni kwamba siku ile mke wangu alimsikiliza.

Mama wa Isyesye

Fundi, nimeisoma hii nikaenda kuangalia kiroba cha pumba za kuku. Nimekirudisha. Asante.

Bwana Mifugo Mstaafu

Wana jukwaa, nawasalimu kutoka Njombe. Nimefanya kazi ya mifugo miaka mingi katika wilaya za nyanda hizi na ninafurahi kuona mjadala wa namna hii. Nitajibu swali la mleta uzi, la kujua anayechagua na anayekataa kwa sababu.

Anza na mnyama mwenyewe kabla ya sahani. Mpe kipande kidogo cha kitu anachokipenda kupita vyote, kwa wengi ni kuku wa kuchemsha. Akikataa na hicho, huyo si mchaguzi, huyo ni mgonjwa, mpeleke akaonwe. Akikipokea kwa hamu lakini akakiangusha, au akatafuna upande mmoja, fungua mdomo, tazama meno. Jino lililooza au fizi iliyovimba humfanya mnyama atamani chakula na kukiogopa papo hapo. Kwa mbwa, tazama na rangi ya fizi. Kama zimepauka na kupe umewaona masikioni, fikiria homa ya kupe, nayo haisubiri wiki ijayo. Kwa watoto wa mbwa na paka, minyoo inakata hamu na kuvimbisha tumbo. Akikila kile kipande vizuri, hapo ndipo uchunguze chakula: kinuse, kitazame, uliza kimefunguliwa lini, kimekaa wapi. Chakula nacho kikiwa safi kabisa, ndipo useme tabia.

Kuhusu mbwa na ugali. Kuna wanaosoma mitandaoni kwamba mbwa ni mbwa mwitu na ugali ni kosa. Si sahihi. Watafiti wa Sweden mwaka 2013 walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa nchi za baridi, ule ukoo ambao mbwa alitokana nao. Mbwa mwitu ana nakala 2 za jeni ya kusaga wanga, mbwa ana kati ya 4 na 30. Mbwa amekaa na mkulima hadi tumbo lake limejifunza kula cha mkulima. Paka hakujifunza, amebaki mla nyama mtupu. Yale maharage na ugali yanayomtosha mbwa kwa sehemu hayamtoshi paka hata kidogo.

Lakini ugali mtupu haumtoshi hata mbwa. Unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9. Viwango vinavyotumika Marekani vinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na angalau asilimia 18 kwa hesabu ya kitu kikavu, na cha mtoto wa mbwa 22.5. Paka mzima 26, mtoto wa paka 30. Ndiyo maana mbwa wa ugali na mchuzi manyoya yanapauka, anajikuna, kidonda hakiponi, na watoto wake, kwa kukosa pia kalisi, wanakua na miguu imepinda. Changanya usipa, utumbo wa kuku, firigisi, mayai, maharage yaliyoiva, mbogamboga kidogo. Usitie kitunguu wala kitunguu saumu, vinavunja damu ya mbwa na zaidi ya paka. Mifupa iliyopikwa usimpe, inachanika kama vibanzi na kutoboa utumbo.

Kwa paka wa nyumbani wa kipato chetu, mapaja ya kuku na mioyo ndiyo yenye taurini nyingi. Ukichemsha, taurini inatoka kwenye nyama inaingia majini, kwa hiyo supu usiimwage, mpe pamoja. Samaki achemshwe, kwani baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1, paka akiwala kwa muda mrefu anaanza kuyumba na kuinamisha kichwa. Moto unakiua kitu hicho. Ini mpe kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Niliwahi kumwona paka aliyelishwa ini tupu kwa mapenzi ya mwenyewe, shingo haigeuki, mifupa ya uti imeungana kwa vitamini A iliyozidi.

Na yote hayo bado hayalingani na chakula kamili kilichotengenezwa vizuri na kufika mikononi mwako kikiwa kimefungwa. Ukisoma mfuko, angalia kama umeandikwa kwamba ni chakula kamili na cha umri gani. Kingine ni cha kuongezea tu, hakifai kuwa mlo wa kila siku. Viambato huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Cha paka kikianza na mahindi kisha ngano, fikiria mara mbili.

Binti Tukuyu

Ndaga fijo Bwana Mifugo. Nina swali. Huku kwetu machinjioni wanatupa mapafu na maini yenye malengelenge ya maji, vijana wanawarushia mbwa palepale, na sisi wengine tunanunua pafu bei rahisi tunawapa mbichi. Mbwa wanapenda sana. Je, kuna shida? Halafu paka wangu anapenda maziwa, na hapa Rungwe maziwa hayakauki. Na mbwa anaokota maparachichi shambani.

Bwana Mifugo Mstaafu

Binti, la kwanza ni kubwa, tafadhali waambie na wenzako. Yale malengelenge yamebeba watoto wa tegu mdogo sana. Mbwa akila pafu au ini lile bichi, tegu anakua tumboni mwake bila kumsumbua, na mayai yanatoka na kinyesi. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, yale malengelenge yanaota ndani ya ini au mapafu ya mtoto, yanakua miaka, mpaka yaondolewe kwa upasuaji. Kwa hiyo lenye malengelenge lifukiwe au lichomwe, na lililo zima lichemshwe liive kabisa kabla ya kumpa mbwa. Hapo mbwa hachagui kitu, anapenda sana, na kupenda kwake hakumlindi. Na mpe dawa ya minyoo kwa ratiba.

Maziwa: paka wengi wakubwa hawawezi kusaga sukari ya maziwa, wanaharisha. Akinywa kidogo na asiharishe, hakuna ubaya, ila maji yawepo daima. Parachichi: kwa mbwa nyama yake si sumu kali ila mafuta mengi yanamharisha, na kokwa ndilo la hatari, linaziba utumbo. Wenye mikadamia shambani wawe waangalifu zaidi, karanga zile zinalegeza miguu ya nyuma ya mbwa na kumtetemesha.

Gangilonga Juu

Mimi nina mbwa, Jamani Shepadi wa miaka mitatu, chanjo zote, amepimwa juzi, meno safi, ana afya. Chakula ni kizuri, mfuko nafungua mwenyewe. Lakini hali mpaka niweke nyama juu, na nikiweka anakula nyama anaacha mengine. Watoto wangu wanamlisha mezani, kipande hiki na kile. Nifanyeje? Nimeogopa kumwacha na njaa baada ya kusoma ya Chausiku.

Bwana Mifugo Mstaafu

Wako ndiye mchaguzi wa kweli, na amefundishwa. Amejua akigoma kinakuja kitamu zaidi. Weka chakula, mpe dakika 15 au 20, asipokula ondoa bila kumgombeza, rudisha mlo unaofuata. Kati ya milo asipewe chochote na mtu yeyote, watoto waambiwe. Mbwa mzima mwenye afya akikosa mlo mmoja au hata siku nzima hadhuriki. Nyama ikiwepo, isage na uichanganye kabisa asiweze kuichambua.

Narudia kwa herufi zinazoonekana: HII NI KWA MBWA MZIMA MWENYE AFYA TU. Kwa paka usifanye. Kwa mtoto wa mbwa usifanye, sukari ya mwili wake inashuka haraka. Paka aliyekaa saa 24 bila kula anza kuhangaika, akifika 48 uwe umeshafika kwa daktari.

Na ukibadilisha chakula, cha paka au cha mbwa, changanya: kipya robo na cha zamani robo tatu, ongeza polepole kwa siku 7 hadi 10. Paka ni mgumu zaidi, anakiamini alichokula utotoni na mama yake. Paka aliyekuzwa kwa usipa anaweza kuona vipunje si chakula kabisa.

Fundi Mashine Kihesa

Hiyo ya saa 24 na 48 naomba moderata aibandike juu ya uzi.

Mama wa Isyesye

Bwana Mifugo, nimeandika maneno yako kwenye karatasi, nimebandika kabatini. Mama mkwe ameisoma, amenyamaza, halafu amekwenda kumpashia Chausiku chakula mwenyewe. Sikumwambia neno.

Nilete na mrejesho. Nilimrudia yule muuzaji. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi, lakini nilipomweleza habari ya mafuta kuharibika alishtuka kweli, hakuwa anajua, na mtu wa kumwambia hakuwahi kumpata. Akaunusa ule mfuko mwenyewe, akauondoa. Sasa mfuko uliofunguliwa anauweka ndani, gizani, mdomo umekunjwa na kubanwa, na ameandika kwa kalamu nene siku alipoufungua. Bado mimi sinunui cha kupima. Tumeungana watu watatu wa huku Isyesye na Ilomba, tunachanga, tunanunua mfuko mmoja uliofungwa, tunaufungua pamoja siku hiyohiyo na kugawana. Kila mmoja ana kopo lake lenye kifuniko, na humo anaweka kipande cha mfuko chenye tarehe. Kinaisha ndani ya wiki tano. Pembeni naendelea na paja la kuku na supu yake mara tatu kwa wiki, na usipa dada akipanda.

Leo saa kumi na mbili asubuhi kulikuwa na ukungu hadi dirishani. Nimewasha jiko, nimeweka bakuli juu ya maji. Amekuja, amenusa, amekaa akala taratibu mpaka mwisho, akalamba na pembeni.

Mfuko wetu unaofuata tunaufungua mwanzoni mwa mwezi ujao na kuna nafasi ya mtu wa nne. Kama uko Uyole, Ilomba au Isyesye na una paka mmoja au wawili, niandikie faragha. Njoo na kopo lako.